UZI: Uwezekano kwa pakiti ya karata, kuanzia mwanzo kabisa (kidato cha nne na wana upatu, karibuni)

#1 – Mwanzisha uzi

Habari za jioni wakuu.

Nipo Moshi, Pasua, nafundisha tuisheni ya hisabati. Kila tukifika mada ya uwezekano nakutana na jambo lile lile: kijana anayezidisha sehemu vizuri kabisa anakwama kwenye swali la karata kwa sababu hajawahi kushika pakiti maishani mwake. Nyumba nyingi huku kwetu karata haziingii, wazazi wanaziona ni mlango wa kamari, na nyumba ya mtu ina utaratibu wake. Shida ni kwamba swali la mtihani linaanza na "pakiti ya karata 52" kisha linaendelea moja kwa moja, na mtoto anabaki anakodolea macho karatasi. Huyo hajashindwa hisabati, amekosa tu kuonyeshwa kitu kinachozungumziwa. Ndiyo maana naandika uzi huu. Aliyezoea karata aruke aya inayofuata.

Pakiti kamili ina karata 52, ukiondoa zile joka (karata za ziada) ambazo kwenye hesabu za shule hatuzitumii. Zimegawanyika aina nne: kopa, uru, pau na shupaza. Kila aina ina karata 13: ree (ile yenye herufi A), kisha mbili hadi kumi, halafu J, Q na K (mfalme). Kopa na uru ni nyekundu, pau na shupaza ni nyeusi, kwa hiyo nyekundu ni 26 na nyeusi ni 26. Karata za picha ni J, Q na K tu, tatu kwa kila aina, jumla 12. Ree haina picha ya mtu, msiihesabu humo. Ree zote ni nne, K zote ni nne, na kila namba ipo mara nne. Mtoto akiweza kuyataja hayo bila kutazama, mzigo mkubwa ameshautua.

Sasa hesabu yenyewe. Uwezekano ni sehemu: kiasi ni karata unazozitafuta, asili ni karata zote ambazo zingeweza kutoka. Kuvuta ree ni 4/52, ukifupisha 1/13, karibu asilimia 7.7. Kuvuta kopa ni 13/52, yaani 1/4. Kuvuta picha ni 12/52, yaani 3/13, karibu asilimia 23.

Wanafunzi wangu wengi hukimbilia kiasi. Mimi nawaambia waanze na asili. Kabla hujaandika chochote jiulize: kwa ninachokijua hivi sasa, karata hii ni mojawapo kati ya ngapi? Maneno "kwa ninachokijua hivi sasa" ndiyo mada nzima ilipolala, na karibu kila kosa nililowahi kusahihisha limetokea hapo.

Angalia swali la "au". Uwezekano wa kuvuta K au kopa ni ngapi? K ni nne, kopa ni 13, mtoto anajumlisha anapata 17. Lakini K wa kopa kahesabiwa mara mbili, mara moja na wafalme wenzake na mara moja na kopa wenzake. Mtoe mara moja, zinabaki 16. Jibu ni 16/52, yaani 4/13. Swali likiwa K au Q, hakuna karata iliyo K na Q kwa pamoja, hivyo unajumlisha tu: 8/52.

Swali la "na" ndilo linalobadilisha asili. Unavuta karata mbili mfululizo bila kurudisha ya kwanza. Uwezekano wa zote kuwa ree: ya kwanza 4/52. Ikishatoka ree, mkononi mwa mgawaji zimebaki karata 51 na ndani yake ree tatu, kwa hiyo ya pili ni 3/51. Zidisha: 12/2652, ukifupisha 1/221. Ungeirudisha ya kwanza na kuchanganya upya, ya pili ingekuwa 4/52 tena na jibu lingekuwa 1/169. Maneno "bila kurudisha" yana alama zake kwenye mtihani, mtoto ayapigie mstari kabla ya kushika kalamu ya kuhesabia.

Na moja ambalo huwaangusha hata wale wazuri: karata mbili ziwe za aina moja, aina yoyote. Wanaandika 13/52 × 12/51, wanapata 1/17 na kuweka kalamu chini. Hiyo ni kopa mbili tu. Kuna uru mbili, pau mbili na shupaza mbili pia, kwa hiyo zidisha kwa nne: 4/17. Njia fupi zaidi ni kutambua kwamba karata ya kwanza haina sharti lolote, itoke yoyote. Ya pili ndiyo inayotakiwa kuifuata, na waliobaki wa aina yake ni 12 kati ya 51. 12/51 ni hiyo hiyo 4/17.

Zoezi la kujipima: unavuta karata mbili bila kurudisha. Tafuta uwezekano wa kupata angalau ree moja. Wekeni majibu hapa.

#2

Mkuu hii naituma kwa mdogo wangu yupo kidato cha nne. Hiyo ya K wa kopa kuhesabiwa mara mbili imenifungua mimi mwenyewe, tangu nimalize shule.

#3

Swali la kijiweni kwetu Majengo. Tunapocheza, ree zikichelewa kutoka watu husema sasa zimekaribia. Mwalimu wangu wa zamani alitukataza kusema hivyo, alisema shilingi ikiangukia kichwa mara tano, ya sita bado ni nusu kwa nusu. Sasa nani yuko sahihi?

#4 – Mwanzisha uzi

Wote wako sahihi, kila mmoja kwenye mchezo wake.

Shilingi ikitua haipunguzi chochote. Pande mbili zilikuwepo, pande mbili zipo bado, asili haijaguswa. Karata iliyotoka na kulala mezani imeondoka kwenye pakiti. Tuseme zimefunuliwa 20 na wote mmeona hakuna ree hata moja. Zimebaki 32, ree zote nne zimo humo. Uwezekano wa inayofuata kuwa ree ni 4/32, yaani 1/8, asilimia 12.5. Mwanzo ulikuwa asilimia 7.7. Kwa hiyo wanaposema zimekaribia hawakosei, ilimradi karata zilizotoka hazirudishwi.

Siku mkizikusanya na kuchanganya upya, hesabu inarudi 1/13, hata kama raundi nzima iliyopita hamkuona ree. Hapo ndipo onyo la mwalimu wako linaposhika. Wengi hubeba matumaini ya raundi iliyokwisha wakaingia nayo kwenye raundi mpya.

#5

Samahani wakuu, lakini mimi ni mzazi na naona vibaya. Tunawafundisha watoto karata ili iweje? Si ndiyo kamari yenyewe hiyo?

#6 – Mwanzisha uzi

Mzazi mwenzangu, nakuelewa na nakuheshimu.

Ni kweli hesabu hii ilizaliwa mezani kwa wacheza kamari. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu swali la mchezo uliokatizwa njiani: fedha iliyowekwa igawanywe vipi kwa haki, wakati mmoja alikuwa amekaribia kushinda kuliko mwenzake? Kabla yao Mwitaliano Girolamo Cardano, daktari na mcheza kamari, alikuwa ameshaandika kuhusu kete na karata. Lakini leo kampuni ya bima inayokadiria uwezekano wa gari lako kupata ajali inatumia hesabu hiyo hiyo, na mtabiri wa hali ya hewa anayesema kuna uwezekano wa mvua anaitumia pia. Anayeijua vizuri ndiye anayeona mapema kwamba kamari humlisha mwenye meza.

Karata zinapendwa darasani kwa sababu ni vitu 52 vya ukubwa mmoja, mgongo mmoja, na hakuna kimoja kinachopendelewa kutoka. Kama nyumbani hazikubaliki, fanya ninavyofanya na wanafunzi wangu: kata manila vipande 52 vinavyolingana, andika herufi au namba na jina la aina, paka rangi mbili. Hesabu haitabadilika hata chembe.

#7

Mwalimu, mimi nafanya biashara Mbuyuni. Tuna upatu wa akina mama 12, kila mwezi anapokea mmoja. Mpangilio wa kupokea tunaupata kwa karata: tunachukua kopa kuanzia ree hadi Q, zipo 12, tunazichanganya, kila mmoja anavuta moja. Ree anapokea mwezi wa kwanza. Kila tukianza mzunguko mpya ni ugomvi. Wote wanataka kuvuta wa kwanza, wanasema wa mwisho anaokota mabaki. Je, ni kweli wa kwanza ana bahati zaidi?

#8 – Mwanzisha uzi

Dada, swali lako ni zuri kuliko yote niliyoweka mimi hapo juu.

Jibu: hapana. Wote 12 wana 1/12, wa kwanza hadi wa mwisho.

Wa kwanza hana utata, karata 12, ree moja, 1/12. Wa pili apate ree, lazima kwanza yule wa mbele yake aikose, na hilo lina uwezekano wa 11/12. Kisha yeye aipate kati ya 11 zilizobaki, 1/11. Zidisha 11/12 × 1/11, zile 11 zinakatana, inabaki 1/12. Wa tatu: 11/12 × 10/11 × 1/10, zinakatana tena, 1/12. Endelea hivyo hadi wa mwisho, ambaye akina mama 11 mbele yake lazima wote waikose: 11/12 × 10/11 × 9/10, na kuendelea hadi 1/2, halafu yeye anachukua iliyobaki kwa uhakika. Fupisha uone, ni 1/12.

#9

Mkuu hapo sikubaliani. Wa mwisho hachagui kitu. Anapewa kilichobaki. Mtu asiye na uchaguzi anawezaje kuwa sawa na aliyechagua kati ya 12?

#10 – Mwanzisha uzi

Nimefurahi umelisema wazi, kwa sababu kwenye upatu wengi wanaliwaza hivyo na kunyamaza.

Kuchagua kunakusaidia pale tu unapojua kitu. Karata zote zimefunikwa na migongo inafanana. Mama wa kwanza ana karata 12 za kuchagua lakini hana sababu hata moja ya kuchukua hii akaacha ile. Uchaguzi wa namna hiyo haumwongezei lolote, na kuukosa hakumpunguzii wa mwisho.

Tupunguze watu tuone kwa macho. Wawe watatu, karata tatu: ree, mbili, tatu. Mipangilio yote ya jinsi zinavyoweza kuwaangukia kwa zamu ni sita:

ree, mbili, tatu
ree, tatu, mbili
mbili, ree, tatu
tatu, ree, mbili
mbili, tatu, ree
tatu, mbili, ree

Hesabu ree ipo nafasi ya kwanza mara ngapi: mbili. Nafasi ya pili: mbili. Ya tatu: mbili. Kila mmoja 2/6, yaani 1/3. Huwezi kuandika mpangilio wa saba utakaompendelea wa kwanza.

Sasa ugomvi unatoka wapi? Nadhani unatoka kwenye kufunua. Mama wa kwanza akivuta na kuifunua hapo hapo, wote wanaona. Ikiwa ni ree, waliobaki 11 wanashuka hadi sifuri na kila mmoja anasema "ningevuta mimi kwanza". Wakifunua watatu bila ree, tisa waliobaki wamepanda hadi 1/9 kila mmoja, na hapo utashangaa hakuna anayelalamika kwamba kachelewa. Wanapima bahati yao baada ya kuona, kisha wanairudisha hesabu hiyo nyuma mpaka kabla ya kuona. Kabla karata ya kwanza haijafunuliwa, wote walikuwa 1/12.

Na hii inakwenda mbali kuliko upatu. Karata ambayo imeshavutwa lakini hujaiona, kwako ni sawa na iliyo bado kwenye pakiti. Chukua pakiti kamili. Jirani yako kavuta moja kaificha. Uwezekano wa yako kuwa ree ni upi? Ama yake ilikuwa ree (4/52) na yako ni 3/51, ama haikuwa (48/52) na yako ni 4/51. Zidisha na ujumlishe: 12/2652 + 192/2652 = 204/2652, ambayo ni 1/13. Hakuna kilichobadilika. Akikuonyesha ndipo asili yako inashuka hadi 51.

Dada wa Mbuyuni, nashauri mambo mawili. Kila mmoja avute na kuilaza kifudifudi mbele yake, mkishamaliza wote mfunue kwa pamoja. Na mchanganye kwa haki. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwamba pakiti ya 52, ukiigawa mafungu mawili na kuyaachia kwa vidole karata zake ziingiliane, inahitaji kufanyiwa hivyo kama mara saba ndipo ichanganyike vya kutosha. Ule mtindo wetu wa kuhamisha vifungu kutoka juu kwenda chini unahitaji mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa karata 12 msijitese, zimwageni mezani zikiwa zimefunikwa, zivurugwe kwa mikono ya watu wawili tofauti, basi.

#11

Asante sana mwalimu. Nitawasomea hii kikao cha Jumapili, hasa hiyo mipangilio sita. Kufunua kwa pamoja hatujawahi kufikiria.

#12

Mimi nipo Arusha. Kuna wale jamaa wa karata tatu, unawakuta penye watu wengi, karata mbili nyeusi na moja nyekundu, ukiiona nyekundu unalipwa mara mbili. Kwa hesabu zako si 1/3? Mbona sioni mtu anashinda ila wenzao?

#13 – Mwanzisha uzi

Kaka, tuanze kwa kudhani jamaa ni mwaminifu. Unaweka 10,000. Ukipatia, unarudishiwa 10,000 yako na 10,000 juu. Ukikosa, imekwenda. Cheza mara tatu kwa 1/3: kwa wastani utapatia mara moja, umeingiza 10,000, na utakosa mara mbili, umepoteza 20,000. Umetoka na hasara ya 10,000, kama 3,333 kwa kila mchezo. Ili iwe haki kwa 1/3, angetakiwa kukuongezea 20,000 kila unapopatia. Hata kwa mikono misafi umeshaliwa.

Lakini mikono si misafi. Mkono mmoja hushika karata mbili, ya juu na ya chini. Wewe unaona ile ya chini, nyekundu, unaamini ndiyo inayotupwa kwanza, kumbe vidole vinaachia ya juu. Jicho lako linafuata karata isiyo yenyewe. Hapo 1/3 haipo tena. Kugawa kiasi kwa asili kunafaa pale tu ambapo kila karata ina nafasi sawa ya kuwa ile unayoitafuta, na huyu bwana amehakikisha uliyoikazia macho siyo. Wanaoshinda mbele yako ni wapambe wake, fedha inazunguka mifukoni mwao wenyewe. Pita mbali, na mwambie na mwenzako.

#14

Shikamoo mwalimu. Nimefanya zoezi la angalau ree moja. Nimepata 4/52 + 4/51. Nilifikiri ya kwanza 4/52 au ya pili 4/51, na "au" ni kujumlisha.

#15 – Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu, hongera kwa kuweka hatua zako, maana naona ulikopotelea.

Njia ya kwanza ni kutafuta kinyume chake. "Angalau moja" maana yake moja au mbili. Kinyume ni kukosa kabisa. Ya kwanza isiwe ree: 48/52. Ya pili nayo isiwe ree: 47/51. Zidisha na ufupishe: 188/221. Toa kwenye 1: 1 − 188/221 = 33/221. Karibu asilimia 15.

Njia yako ya kujumlisha inawezekana pia, ila irekebishwe mahali pawili. Umeandika 4/51 kwa karata ya pili, yaani umedhani ya kwanza imeshaonekana na haikuwa ree. Hatujaiona. Rudi kasome #10: karata ya pili, kama hujui ya kwanza, nayo ni 4/52. Halafu kama ilivyokuwa kwa K na kopa, kuna kitu umekihesabu mara mbili, nacho ni ile hali ya zote mbili kuwa ree, 1/221. Itoe mara moja. 4/52 + 4/52 ni 2/13, ambayo ni 34/221. Toa 1/221, unabaki na 33/221. Njia mbili, jibu moja.

Sasa fanya ya karata tano, bila kurudisha, angalau ree moja. Usijumlishe, itakuchosha, tumia kinyume: sehemu tano za kuzidisha, kiasi kinaanza 48 na asili inaanza 52, kila hatua zote zinashuka kwa moja. Ukifika karibu na asilimia 34 umepatia. Andika hatua zote hapa nizipitie kesho baada ya kipindi cha asubuhi.